Tembo Tamu la Bi Mwamvua

Bi Mwamvua binti Shaib wa Pangani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Tusimwite mmbeya, tutapata dhambi za bure. Mmbeya akijua jambo huwashwa na ulimi; Bi Mwamvua akishajua hutulia, akalala usingizi wake. Lakini kabla hajajua, ole wako wewe unayejua. Ukinunua kiberiti dukani asubuhi, yeye hana raha mpaka ajue unakwenda kuwasha nini.

Na kwa miaka tisa jambo lililomnyima raha kuliko yote lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jambo hilo ni mjukuu wake, Hafsa.

Hafsa alikuwa mtoto wa Yasini, mwana pekee wa Bi Mwamvua, anayefanya kazi kwenye kivuko cha kwenda Bweni. Mama yake ni Mwanakhamis, mwanamke mpole wa Wete, Pemba. Mtoto ana miaka tisa na mwili wa miaka sita. Macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na pale kati ya pua na mdomo, ambapo sisi wengine tuna kamfereji, kwake palikuwa laini moja kwa moja. Mtoto wa kucheka, wa kumshika mkono mgeni yeyote na kumfuata aendako. Lakini neno halikukaa. Leo amehifadhi sura ya Kauthar yote, chuoni wanamsifu. Kesho maalimu akimwambia aisome, anamkodolea macho, hajui anaambiwa nini. Jana na kesho kwake zilikuwa siku moja. Jumatatu aliungua na chuma cha vitumbua, akalia, akapakwa dawa. Jumatano akakishika tena.

Watu walisema ni jicho, wengine wakasema ni shetani wa upande wa mama, wengine wakasema uvivu tu, apigwe. Bi Mwamvua aliwasikiliza wote, na kila mmoja alimuuliza swali moja: kwa vipi? Hakuna aliyeweza kumjibu, basi hakumwamini yeyote. Alianza kupima mwenyewe. Akimtuma Hafsa vitu vitatu, chumvi, ndimu na mkaa, mtoto hurudi na kimoja, au harudi, anakutwa kwa jirani anachezea paka. Akimtuma vitu vilevile kwa kuviimba huku wakipiga makofi, hurudi na viwili. Sasa kwa nini wimbo uingie na neno lisiingie? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Mwalimu wa shule ndiye aliyewashauri wampeleke Tanga mjini kwa mtaalamu wa makuzi ya watoto, bibi mmoja kijana aitwaye Anjela. Walikwenda wote wanne. Bi Mwamvua kubaki nyumbani siku kama ile, hata kwa kufungwa kamba isingewezekana.

“Shikamoo mama,” Anjela alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Huo utepe wa nini?”

“Wa kupimia kichwa.”

“Ili ujue nini?”

Anjela akacheka, akamweleza: ili ajue kama kichwa kimekua kwa kadiri ya umri. Akampima Hafsa kichwa, akamtazama mdomo, akampa vibao vya kupanga, akamtajia maneno matatu na baada ya muda akamuuliza ni yapi. Hafsa alikumbuka moja, akamwambia Anjela ana hereni nzuri. Kisha mtaalamu akafungua karatasi zake na kumgeukia Mwanakhamis.

“Hili ninamuuliza kila mama, usilichukue vibaya. Ulipokuwa na mimba yake, ulikunywa pombe ya aina yoyote?”

“Astaghfirullah,” Mwanakhamis alisema kwa sauti ndogo. “Hapana. Sijaonja maisha yangu.”

Anjela akaandika. Alisema ziko sababu nyingi za mtoto kuwa hivi na atazitafuta zote, lakini uso kama huu, kichwa kama hiki na usahaulifu wa namna hii huviona mara nyingi kwa watoto waliokutana na pombe wakiwa tumboni. Anachokunywa mama humfikia mtoto, alisema, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama.

“Atapona?” Bi Mwamvua aliuliza.

“Kilichoharibika hakirudi, mama. Lakini mtoto husaidika, tena sana. Jambo moja kwa wakati mmoja. Kila siku saa ileile, njia ileile. Mwonyesheni kwa mkono, kwa picha, kwa wimbo.”

“Kwa wimbo,” Bi Mwamvua alirudia, na moyo wake ukafurahi kama mwanafunzi aliyepata vema.

“Na akisahau, mwambieni tena kama ndiyo mara ya kwanza, bila hasira. Hafanyi makusudi. Mrudi baada ya wiki tatu.”

Bi Mwamvua alirudi Pangani na mambo kumi ya kufikiria. Yasini alirudi na neno moja tu, pombe. Siku nane hakusema na mkewe ila la lazima. Chakula akila, shukrani hatoi. Mwanakhamis naye hakujitetea. Alifua, alipika, alimwogesha mtoto, macho yake yamevimba. Hata Bi Mwamvua, tuseme kweli, siku mbili za kwanza alimtazama mkwewe kwa jicho la pembeni.

Siku ya Jumatano Yasini alimwambia mama yake, “Jumamosi nampeleka kwao Wete nikamkabidhi kwa kaka zake. Hafsa atabaki hapa.”

“Mtoto huyu hajui hata kuvaa viatu bila mama yake.”

“Atajifunza. Mama, mimi sikuoa mlevi. Mtu kaniharibia mwanangu halafu ananiapia kwa Mungu mbele ya daktari.”

Hapo ule ugonjwa wa Bi Mwamvua ukaamka. Pombe alikunywa, sawa. Wapi? Nani alimnunulia? Mwaka ule wa mimba Mwanakhamis alikuwa mgeni, hajui hata njia ya sokoni, na kutwa nzima alikuwa amelala chumbani anatapika. Mtu anywe pombe ndani ya nyumba ya Bi Mwamvua, miezi, na Bi Mwamvua asijue? Alijiona ametukanwa. Akajitanda ushungi, akatoka kwenda kuitafuta hiyo pombe.

Alianzia kwa Timotheo, mgema wa Kibondei anayegema minazi na kuuza tembo lake nje kidogo ya mji, mtu mkavu asiyesema sana na binadamu. Alimkuta chini ya mnazi ananoa kisu.

“Timotheo, mkwe wangu amewahi kuja kununua tembo kwako? Usinifiche.”

“Yule Mpemba? Yule nikipishana naye na dumu langu hujifunika pua.”

“Alimtuma mtu?”

“Bi Mwamvua, nyumba yako ina mteja mmoja tu, na sasa hivi nazungumza naye.”

“Mimi nachukua la kuumulia vitumbua, mji mzima unajua.” Na kweli ulijua. Hamira ya dukani Bi Mwamvua aliidharau. Vitumbua vyake aliviumua kwa tembo la mnazi tangu angali mwari, na ndiyo sababu watu walivifuata mlangoni kwake kabla hakujapambazuka vizuri. “Na mwaka ule nilichukua na la kumpa yeye, lakini lile tembo tamu. La asubuhi. Alikuwa hakai na kitu tumboni, nikampa apate damu. Tembo tamu si pombe.”

Timotheo aliacha kunoa. “La asubuhi nalishusha saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa unakuja saa ngapi?”

“Nikishauza vitumbua. Saa nne, saa tano.”

“Na yeye ukimpa lini?”

“Mchana kikombe, jioni kikombe. Likibaki, asubuhi yake.”

“Katika chombo gani?”

“Kidumu changu kile cha siku zote.”

“Chenye mashapo chini. Usichokiosha, ili vitumbua viumuke.”

“Lilikuwa tamu,” Bi Mwamvua alisema. “Nililionja.”

“Utamu hauzuii kitu. Likiwa bichi hivi, linaposhuka, hilo mpe hata mtoto. Likikaa hadi mchana, na kwenye mashapo, ni pombe. Mimi mgema nikilinywa la saa nane, mnazini sipandi.”

“Muongo,” Bi Mwamvua alimwambia, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alibishana naye peke yake. Zamani alishamuuliza shehe juu ya tembo tamu, na shehe alisema halina neno maadamu halijachacha. Bi Mwamvua aliishika nusu ya kwanza ya maneno hayo miaka thelathini. Nusu ya pili aliiacha palepale barazani kwa shehe.

Lakini mtu wa kutaka kujua hana hila na nafsi yake. Ijumaa alfajiri alikuwa chini ya mnazi wa Timotheo kabla mgema hajashuka. Alipewa tembo bichi, jeupe, tamu kweli. Alilitia kwenye kile kidumu chake. Siku ile hakuuza vitumbua, na wateja walioondoka mikono mitupu walidhani kuna msiba. Alikoroga mchele aliousaga, bila kitu, akaugawa kwenye mabakuli. Saa moja akatia vijiko vya tembo la kidumu kwenye bakuli la kwanza. Saa nne bakuli la pili. Saa sita la tatu. Hafsa aliketi naye jikoni, akipewa kazi ya kuangalia.

“Bibi, hili linapumua,” Hafsa alisema. Alikuwa ameinamia bakuli la saa sita. Unga ulikuwa na matundu juu, umeanza kupanda, na haukuwa na nusu saa. Lile la saa moja lilikuwa bado limelala.

Bi Mwamvua akakaa chini kwenye kibao cha kukunia nazi. Wala haikuwa habari mpya, hilo ndilo lililomuuma. Miaka thelathini alikuwa anajua kwamba tembo la asubuhi haliumui, la mchana ndilo. Ndiyo maana alikuwa akilingoja kwanza kabla ya kulitia kwenye unga. Mikono yake ilijua kila siku. Kidumu kimoja, mkono huu unamimina kwenye unga ili uchachuke, mkono ule unamimina kwenye kikombe cha mwenye mimba, na akili yake ikasema hivi ni vitu viwili. Na yule mwanamwali alikuwa anatulia akishakunywa, anashikwa na usingizi, mashavu yanapata rangi, na Bi Mwamvua akijisifu kwa majirani kwamba dawa imemkubali.

Halafu akakumbuka jambo alilokuwa hajalikumbuka miaka tisa. Kikombe cha kwanza kabisa, Mwanakhamis alikinusa, akainua uso. “Mama,” alisema, “hili si pombe?” Na yeye alimjibu kwa ukali, “Mimi, binti Shaib, nikupe wewe pombe?” Msichana wa watu akaona haya, akaomba radhi, akanywa. Akanywa miezi mitano.

Tusimpambe Bi Mwamvua. Aliwaza kunyamaza. Timotheo hasemi na watu. Mabakuli yangemwagwa. Kesho Jumamosi Mwanakhamis angevuka kwenda kwao, na aibu ingevuka pamoja naye. Aliliwaza hilo kwa muda wa kutosha kuona haya nalo. Kila jambo alilowahi kulijua lilimtuliza. Hili alilijua, na hakutulia.

Yasini aliporudi kutoka kuswali Ijumaa, alikuta mama yake ameketi sebuleni, mkewe ameitwa, na katikati yao mabakuli matatu. La saa sita lilikuwa limefura mpaka linamwagikia mkekani.

“Kaa,” Bi Mwamvua alimwambia. “Wewe ulikuwa unaitafuta pombe. Hii hapa. Niliinunua mimi, nikaiweka mimi, nikamnywesha mkeo mimi.” Akaeleza yote, saa kwa saa, kidumu na mashapo, hakujipunguzia. Mwisho akafika kwenye kile kikombe cha kwanza. “Aliniuliza kama ni pombe. Nilimkaripia.”

Mwanakhamis alikuwa akilitazama lile bakuli.

“Nilikuuliza, mama,” alisema mwishowe.

“Uliniuliza, mwanangu.”

“Tangu siku ile ya Tanga nilikuwa nakikumbuka kikombe kile. Nikajiambia, nikisema, nitaambiwa namsingizia mama mkwe ili nijiokoe.”

Na ndivyo ambavyo angeambiwa; wote watatu walijua. Yasini aliinamisha kichwa. Alimwomba mkewe radhi mbele ya mama yake, kwa maneno machache yaliyovunjikavunjika, na huyo ni mtu asiyejua kuomba radhi. Bi Mwamvua akataka kumshika Mwanakhamis miguu. Mwanakhamis akairudisha nyuma.

“Usinishike, mama. Sijui nikujibu nini leo.” Akainuka, akaingia chumbani. Kupitia mlangoni walimwona akifungua begi lililokuwa tayari kwa safari, akatoa nguo za Hafsa kwanza, akazipanga kabatini. Zake alizitoa kesho yake.

Wiki ya tatu walirudi Tanga. Anjela alifungua zile karatasi, na kabla hajasema kitu Bi Mwamvua alikuwa ameweka kidole juu yake.

“Lile swali la pombe. Pamebadilika.”

“Niandike mama alikunywa?”

“Andika alinyweshwa, naye hajui. Na aliyemnywesha andika Mwamvua binti Shaib, bibi wa mtoto.”

Anjela aliweka kalamu. “Jina silihitaji, mama. Hapa hatumtafuti wa kumfunga.”

“Wewe hulihitaji. Liandike.”

Anjela akamtazama Mwanakhamis. Mwanakhamis akatikisa kichwa kukubali, na jina likaandikwa. Baadaye Bi Mwamvua alikaa saa nzima akimuuliza mtaalamu: vipi saa, vipi moto, vipi watu asiowajua, wimbo gani na picha gani. Anjela alimwambia hajawahi kupata bibi mwenye maswali kama yeye, naye hakufurahi hata kidogo kusifiwa.

Sasa nyumba ile ina utaratibu. Picha ya viatu, picha ya mswaki, picha ya begi, zimebandikwa ukutani kwa kufuatana. Kwenye chuma cha vitumbua pamefungwa kitambaa chekundu, na wimbo wake upo: chekundu chauma, mkono nyuma. Vitumbua vinaumuliwa kwa hamira ya dukani. Wateja wananung’unika kwamba ladha imepotea, na Bi Mwamvua anawaambia waende kwingine. Kila mwanamke mwenye mimba anayekuja kununua hupewa kwanza habari ya kidumu, kisha ndiyo kitumbua.

Asubuhi moja, wakiwa jikoni wawili, Hafsa alikuwa akimimina unga. Mimina, ngoja, geuza. Kazi hiyo mikono yake imeishika vizuri. Akasimama na upawa hewani.

“Bibi, mbona mimi nasahau?”

Bi Mwamvua hakutegemea. Akafuta mikono kwa kanga, akamwambia kwa maneno mepesi. Ulipokuwa tumboni mwa mama, mtu alimpa mama kinywaji kibaya. Kikakufikia wewe, kikakuumiza kichwani, mahali pa kukumbukia. Mama hakuwa na kosa. Aliyempa ni mimi.

Hafsa alifikiri. “Ulijua ni kibaya?”

“Sikujua.”

“Kwa nini hukuuliza? Wewe unauliza kila kitu.”

“Mama yako ndiye aliyeuliza,” Bi Mwamvua alisema. “Mimi siku hiyo moja sikutaka kujua.”

Hafsa akamshika shavu kwa kiganja chenye unga. “Basi, bibi. Usilie. Usimpe tena.”

“Simpi tena.”

Mwanakhamis alikuwa mlangoni amebeba ndoo, amesikia yote. Alitua ndoo, akaketi upande wa pili wa moto, akaanza kupanga vitumbua kwenye sahani.

Kesho yake, saa ileile, mahali palepale, Hafsa alisimama na upawa hewani. “Bibi,” aliuliza, “mbona mimi nasahau?”

Bi Mwamvua akamtazama Mwanakhamis, na Mwanakhamis akamtazama yeye, akangoja. Basi akafuta mikono kwa kanga, akaanza tena kama ndiyo mara ya kwanza.